Msivifukuze vivuli: kwa mnaoanza kushika usukani

Kila kundi jipya likiingia kwenye simuleta (mtambo wa mazoezi unaoiga meli), meli inakwenda kama nyoka. Wadogo zangu, kosa ni lile lile kila mwaka.

1. Usukani hubadilisha kasi ya kugeuka. Kasi hiyo hubadilisha uelekeo. Uelekeo ndio unaokufikisha kwenye njia. Ngazi tatu, kila moja na ukawiaji wake. Ndiyo maana mmewekewa vile vivuli vya meli kwenye skrini, mwone mtakuwa wapi baada ya dakika 3.

2. Sasa, vivuli hivyo. Umeagizwa ubadili uelekeo utoke nyuzi 040 za dira uende 090. Unatia usukani nyuzi 20 kulia. Dira bado inasoma 040. Unaongeza hadi 30 (nani kakutuma?). Meli inaanza kuzunguka, vivuli vinajikunja na kuvuka njia, unashtuka, unarudisha usukani katikati. Vivuli havinyooki! Vitanyookaje? Programu ya kawaida inayochora vivuli hukadiria kwa mwendo na kasi ya kugeuka ya sasa hivi. Haina habari kwamba umegusa usukani mpaka chombo chenyewe kianze kupunguza kuzunguka. Wewe unaona kuurudisha katikati hakukutosha, unatia 20 kushoto. Mzunguko unakufa kwenye 075, dira inaanza kurudi nyuma, vivuli vinarukia upande wa pili, nawe unavifuata tena. Kifaa cha kukusaidia ndicho sasa kinachokuyumbisha. Tia usukani, mikono itulie, tazama kipimo cha kasi ya kugeuka. Kikianza kusogea ndipo usome vivuli. Na usukani wa kukinza (wa upande wa pili, wa kuzuia mzunguko) uingie kabla ya 090. Ukingoja dira ifike, umeshapitiliza.

3. Piga hesabu mapema: mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa, gawanya kwa nusu kipenyo cha duara la kugeuka, yaani maili 0.6, unapata kasi ya kugeuka ya takriban nyuzi 20 kwa dakika.

4. Kina kikipungua, duara la kugeuka hupanuka. Programu iliyopangwa kwa tabia ya kina kirefu haitakwambia.

5. Zoezi moja na vivuli, linalofuata skrini ifunikwe. Vikiwepo pia, usitazame kwanza: taja kwa sauti uelekeo wa dakika 1 ijayo, halafu linganisha. Ukikosea zaidi ya nyuzi 5, usikimbilie kuusingizia upepo. Kwenye simuleta upepo mara nyingi umezimwa.