"Mchumba wangu Mkorea alinificha kuwa kaka yake ana skizofrenia": jibu langu

Mkuu, pole. Umeuliza kama kufichwa miaka 2 kwamba kaka yake ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ni dalili kwamba mchumba wako hana imani nawe. Mimi nimeoa Mkorea hapa Los Angeles, na nilifichwa vilevile. Niliambiwa wiki 3 kabla ya harusi.

Wakwe zangu walihamia Marekani miaka ya 80 wakafungua duka la kufua na kupiga nguo pasi. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alianza kusikia sauti akiwa chuoni. Mama mkwe hakumwambia mtu, hata kanisani anakokwenda kuomba kila alfajiri. Wana kitu wanakiita chemyeon, yaani hadhi ya nyumba machoni pa watu. Mswahili angesema kusitiriana, ila kwao kuna zaidi: wazee wanaamini ugonjwa huu uko kwenye damu, kwa hiyo siri ikitoka, mabinti hawaposwi. Mama alikuwa anamlinda mke wangu. Mchumba wako amelelewa humohumo.

Hata jina la ugonjwa lilitisha. Zamani Korea waliuita jeongsin bunyeolbyeong, ugonjwa wa akili iliyopasuka. Mwaka 2011 wakabadilisha kuwa johyeonbyeong, neno lililotoka kwenye kukaza nyuzi za ala ya muziki. Mama alihama na lile la kwanza. Mke wangu alipomweleza hili jipya, ndipo akakubali kukaa na mshauri anayesema Kikorea.

Kabla ya hapo mkalimani alikuwa mke wangu, binti wa miaka 16. Mama akisema kijana anasikia sauti, yeye kwa aibu anamwambia daktari kijana hapati usingizi. Kijana akaandikiwa dawa za usingizi. Omba mkalimani wa hospitali, usimtwishe mtoto wa nyumba.

Kisha daktari akagoma kumpa mama taarifa kwa sababu mgonjwa ni mtu mzima. Mama anayempikia na kumhesabia vidonge! Alirudi analia. Tulisubiri shemeji atulie, tukamweleza, akasaini fomu ya kuruhusu mama aambiwe. Na hata bila fomu, sheria haiwazuii nyinyi kumwambia daktari mnachokiona nyumbani. Yeye ndiye anayebanwa, si nyinyi.

Sasa ninalotaka ulishike kuliko yote: mwangalie mama. Wetu alianza kubanwa kifua, joto linampanda usoni, anashusha pumzi usiku kucha. Wakorea wana jina lake, hwabyeong, ugonjwa wa hasira iliyomezwa miaka mingi. Wote tulikuwa tunamtazama kijana tu. Siku hizi Jumamosi nashinda na shemeji, ananifundisha baduk, mchezo wa kete wa Kikorea, mama anakwenda kwa dada yake. Na tafadhali, usianze na "mpelekeni kijana kwenye kituo cha wagonjwa wa akili". Atasikia unamwambia umama umemshinda. Beba chakula, kaa, osha vyombo kama utaruhusiwa.

Ukifika kwao, usimpite kaka ukaenda kusalimia wazee peke yao. Muinamie, mwite hyeongnim, ndivyo mume anavyomwita kaka mkubwa wa mkewe. Mimi nilipomwita hivyo mara ya kwanza, maana watu walizoea kumzungumzia mbele yake kama hayupo, alinyanyuka akanivutia kiti.