Jibu: Atropini au pralidoksimu kwa aliyekunywa dawa ya wadudu?
Pole sana kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini shemeji yako, aliyekunywa dawa ya kunyunyizia nyanya, anachomwa atropini mfululizo wakati umesoma kuwa pralidoksimu ndiyo inayoondoa sumu.

Dawa hizi hazishindani. Sumu za jamii ya oganofosfeti, zilizomo kwenye dawa nyingi za wadudu, hufunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya neva inayoamsha misuli na tezi; basi hiyo hurundikana mwilini, ndiyo maana mgonjwa hutokwa mate na jasho, mboni husinyaa kama tundu la sindano, na mapafu hujaa majimaji. Hayo majimaji huua haraka, na atropini ndiyo huyakausha. Daktari huongeza dozi maradufu kila dakika 5 hivi mpaka mapafu yasikike makavu na moyo upige zaidi ya mara 80 kwa dakika. Kwa hiyo usishtuke kuona vichupa vingi kando ya kitanda.

Pralidoksimu hukifungua kimeng'enya, ila ikichelewa haifui dafu, na tafiti zake zinapingana. Kwa sumu za kabameti, jamii nyingine ya dawa za wadudu, kwa kawaida haihitajiki. Atropini nayo haiondoi udhaifu wa misuli, hivyo mwangalieni sana anavyopumua, hata siku ya 2 au ya 3. Maziwa msimpe, si dawa ya sumu hii. Na ile chupa mpelekeeni daktari leo hii, lebo itamwonyesha ni jamii gani.