Skrolibaa ndani ya WebView2 imeharibika kwa mteja tu, kwangu iko poa

Swali: Kaka habari, nina programu ya stoo nimeiandika kwa C#, ndani yake kuna WebView2 (kile kijivinjari cha Microsoft cha kupachika ndani ya programu) inayoonyesha orodha ya bidhaa. Skrolibaa nimeipa pikseli 8, kijani, kona za mviringo, kwa ::-webkit-scrollbar (ile njia ya zamani ya CSS ya kupamba skrolibaa). Kwangu (natumia Fixed Version, WebView2 ya toleo moja lisilobadilika, niliyoishusha 2023) iko safi, ila kwa mteja mwenye Evergreen, ile inayojisasisha, imerudi nene na ya kijivu. CSS sijaigusa kabisa!

Jibu: Salama mdogo wangu. CSS hujaigusa kweli, kilichobadilika ni injini. Evergreen inajisasisha yenyewe kwenye mashine ya mteja, na kuanzia Chromium 121 ya Januari 2024 (Chromium ndiyo injini ya WebView2) injini inaelewa scrollbar-color na scrollbar-width, zile sifa za CSS za rangi na upana wa skrolibaa ambazo Firefox inazo tangu toleo la 64 mwaka 2018, sasa elementi ikishapata mojawapo yenye thamani isiyo auto basi ::-webkit-scrollbar yako inapuuzwa yote, siyo rangi tu, upana, kona, vyote vinakwenda. Na konsoli haikwambii kitu, ndiyo maana watu wanahangaika siku nzima.

Utasema mbona scrollbar-color sijaiandika popote. Cheki CSS za watu ulizokopi, maana hiyo inarithiwa, mtu akiiweka kwenye html inashuka mpaka div ya ndani kabisa (scrollbar-width yenyewe hairithiwi). Fungua programu kwa mteja, bonyeza F12 kama hujazima AreDevToolsEnabled (mpangilio wa WebView2 unaoruhusu zana za msanidi), chagua div inayoskroli, nenda kichupo cha Computed utafute scrollbar-color. Ukiikuta ni rangi badala ya auto, umempata mchawi.

Ifute. Kama faili siyo lako, irudishe kwenye div yako:

.orodha { scrollbar-color: auto; scrollbar-width: auto; }

Na kama ukurasa huohuo unafunguliwa na Firefox pia, zile sifa mpya zifungie ndani ya @supports not selector(::-webkit-scrollbar), yaani zitumike tu pale injini isipoijua ::-webkit-scrollbar, hapo kila injini inachukua chake.

Kuna watakaokwambia mhamishie mteja kwenye Fixed Version ya zamani yaishe. Mimi sikubali hata kidogo, ile haijisasishi, unamwacha mtu bila viraka vya usalama kwa ajili ya rangi ya skrolibaa! Bora wewe ndiyo uhamie Evergreen kwenye mashine yako, utest kile anachokitumia yeye.