Mwanangu, Borland Hakuwa Mwoga

Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama ile iliki ilifika, maana aliyemkabidhi ni msahaulifu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na baada ya magharibi nikausikiliza tena. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, yule Chris Borland aliyeacha futiboli ya Kimarekani akiwa na miaka 24 tu, mkataba wake bado mbichi, alikuwa mwoga kama anavyosema mumeo, au alikuwa na akili zake? La pili, kocha amempanga mjukuu wangu Salim acheze nafasi hiyohiyo ya Borland, lainbeka, yaani mlinzi wa mstari wa pili, nawe hujui umruhusu au umkatalie. Naanza na Borland. Ukimwelewa yeye, la Salim litakuwa jepesi kidogo. Kidogo tu.

Wewe wakati tunakaa Dayton, huko Ohio, Marekani, ulikuwa mtu wa vitabu, Ijumaa usiku wenzako wakienda uwanjani unajifungia chumbani. Mimi nilikwenda. Ndiyo maana jina la Borland halikuwa geni kwangu hata kabla televisheni hazijalishika: ni mtoto wa Kettering, pale pale ubavuni mwa Dayton, alisoma sekondari ya Archbishop Alter. Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 2013 akatajwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi yao ya vyuo, Big Ten. Hakuwa mrefu kwa kipimo cha wenzake. Alikuwa mpana, ana kilo zaidi ya 110, na ana jicho.

Jicho ndilo kazi yenyewe. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Wanaozuia ni watu 11. Mbele kabisa wanainama wale majitu, wamekaribiana vichwa na wapinzani. Hatua chache nyuma yao anasimama lainbeka, na yeye ndiye msomaji wa mchezo. Anaangalia miguu ya wale wa mbele, anaangalia mikono ya kwotabeki, yule anayegawa na kurusha mpira, na kabla hujapepesa jicho lazima awe ameshaamua: mpira unakabidhiwa mkimbiaji au unarushwa? Ukirushwa, anarudi nyuma kulinda. Ukikabidhiwa, analifuata pengo ambalo mkimbiaji atapita na kukutana naye humo. Wote wawili wana mwendo, wote wawili wameshusha mabega. Lainbeka mzuri ni yule anayefika pale mara nyingi kuliko wengine. Basi tazama kazi ilivyo, mwanangu: kadiri unavyoiweza, ndivyo unavyogongana zaidi.

Mwaka 2014 timu ya San Francisco, 49ers, ilimchukua kwenye drafti, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu, akiwa wa 77 kati ya vijana 256 waliochaguliwa mwaka huo nchi nzima. Alikwenda kukaa benchi, maana nafasi yake ilikuwa na wenyewe, Patrick Willis na NaVorro Bowman, na wapenzi wa futiboli watakwambia walinzi wawili wa namna hiyo katika timu moja ni nadra. Lakini Bowman alikuwa ameumia goti vibaya Januari ya mwaka huo, na Oktoba Willis akaumia kidole cha mguu. Mgeni akaingia. Dhidi ya New Orleans, muda wa ziada, kwotabeki wao Drew Brees akapokonywa mpira, Borland akauangukia. Muda mfupi baadaye 49ers wakapiga mkwaju wa ushindi, 27 kwa 24. Wiki iliyofuata, dhidi ya Giants wa New York, alinasa pasi mbili za kwotabeki wao Eli Manning, na ya pili aliinasa mlangoni kabisa mwa goli, mechi ikielekea ukingoni. Alipoumia kifundo cha mguu mwezi Desemba alikuwa ameshahesabiwa kuangusha watu zaidi ya mara 100, na mechi alizoanza hazikufika hata 10.

Machi 2015 akatangaza kwamba anaacha. Siku chache kabla yake, Willis naye alikuwa ameaga, ana miaka 30, miguu imekataa. Kwa Willis watu walisikitika na kumpigia makofi, na leo yumo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Kwa Borland walishangaa, wengine wakanuna, kwa sababu hakuwa na bandeji mahali popote.

Sasa sikiliza jambo ambalo mumeo huenda hakulisikia. Borland hakuamua Machi. Katika mazoezi ya kabla ya msimu aligongwa kichwa akabaki na wenge. Hakusema kitu, alikuwa mgeni anayetafuta namba, na mgeni anayetafuta namba haombi kupumzika. Lakini jambo lile halikumtoka. Akaanza kujiuliza, akaanza kusoma, na kabla msimu haujaanza, aliwaandikia wazazi wake barua kuwaambia kwamba huenda kazi yake katika NFL, ligi kuu ya kulipwa, isiwe ndefu, kwa sababu ya hofu ya kichwa. Kwa hiyo zile mechi zote nilizokusimulia alizicheza akiwa ameshaandika barua ile. Mwoga gani anajua hatari kwa undani kiasi hicho, halafu kila Jumapili anaingia kugongana na watu?

Alichokisoma ni hiki. Mwaka 2002, huko Pittsburgh, daktari Mnaijeria, Bennet Omalu, aliupima ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji aliyeheshimika sana mji ule na aliyeishia maisha ya tabu na kuchanganyikiwa. Akaukuta na maradhi ambayo leo wanayaita kwa herufi tatu, CTE, ubongo unaoharibika polepole kwa kupigwapigwa kichwa. Mwaka 2011 akafa Dave Duerson, aliyekuwa mlinzi wa Chicago, naye alikuwa ameacha wasia kwamba ubongo wake upelekwe kwa watafiti. Wakayakuta hayohayo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Junior Seau, lainbeka aliyecheza misimu 20, amefariki na miaka 43. Hayohayo. Duerson na Seau wote wawili walijiua, mwanangu. Sikupi habari hizi nikutie hofu, nakupa kwa sababu ndizo zilizokuwa mezani kwa Borland.

Na usidhani ni yale magongano makubwa peke yake, yanayomwacha mtu amelala uwanjani kila mtu akaona. Borland mwenyewe alikuwa amepimwa na kukutwa na mtikisiko wa ubongo mara mbili tu maishani, na moja kati ya hizo aliupata utotoni akicheza mpira wetu huu wa miguu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wanasema kinachohesabika ni mrundikano wa mapigo madogo madogo, yale ambayo mchezaji anainuka, anajikung'uta na kuendelea. Helmeti inalinda fuvu lisipasuke. Lakini shika dafu ulitikise: kifuu hakina ufa, maji ndani yanakwenda huku na huku. Na CTE mpaka leo haithibitiki kwa mtu aliye hai; jibu la hakika linapatikana baada ya kufa.

Mumeo atakwambia watafiti wanatia chumvi. Kuna mahali ana haki. Mwaka 2017 walitangaza kwamba katika bongo 111 za waliocheza NFL, 110 zilikuwa na CTE, na magazeti yakashikilia hesabu hiyo kana kwamba kila mchezaji ameshahukumiwa. Lakini bongo zile zilitolewa na familia, na familia nyingi hutoa kwa sababu ziliona mtu wao amebadilika. Wale waliozeeka salama hawamo humo. Mwambie hilo nimelikubali. Halafu mwambie kwamba utafiti wao mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kila mwaka wa kucheza unaongeza uwezekano wa maradhi haya kwa asilimia 30 hivi. Hesabu ya Borland ilikuwa juu ya miaka: nikibaki miaka mingine kumi, nitakuwa nimepigwa mara ngapi?

Kuhusu pesa, maana najua hapo ndipo mkwe wangu anapopandisha sauti. Watu wanasema aliacha mamilioni. Mkataba wake ulikuwa wa miaka minne, jumla karibu dola milioni 3, lakini mikataba ya NFL haifanani na ya mpira wa Ulaya. Sehemu kubwa ya mshahara unaupata ukiwa bado umo kikosini, ukikatwa imekwenda. Kilichokuwa mkononi ni bonasi ya kusaini, dola 617,436. Alipoacha baada ya mwaka mmoja kati ya minne, alirudisha robo tatu. Hakugombana. Mimi nimefanya kazi za usiku Marekani, najua uzito wa dola, na nakwambia kurudisha fedha iliyokwisha kuingia mfukoni kunataka moyo kuliko kumkabili mkimbiaji.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hilo. Alipiga hesabu kabla ya maumivu hayajampigia. Seau na Duerson hawakupata nafasi hiyo, kwa sababu enzi zao habari hizi hazikuwa mezani. Yeye alizikuta akazisoma. Sisemi kila anayebaki ni mjinga. Yule anayelisha ukoo mzima kwa mshahara ule ana hesabu zake, nami sitamkalia kitako kumhukumu.

Salim sasa. Huyu mtani wangu ana miaka 13. Borland alipoamua alikuwa mtu mzima mwenye shahada. Mtoto wa miaka 13 hawezi kupiga hesabu ya miaka 40 mbele, na akiipiga ataikosea, kwa sababu kwake mtu wa miaka 40 ni mzee kama mimi. Kwa hiyo hesabu hiyo ni yenu wewe na mumeo, msimwachie yeye, na msimwachie kocha. Kocha anatafuta ushindi wa msimu huu, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Hayo ya kwamba futiboli itamsomesha bure chuoni yawekeni pembeni kwanza. Watoto kiasi cha milioni moja wanacheza futiboli ya sekondari Marekani. Nimekutajia wangapi walichaguliwa mwaka wa Borland.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba: mwaka huu na ujao acheze ile ya vitambaa kiunoni, ambayo mlinzi anachomoa kitambaa badala ya kumwangusha mwenzake. Si mchezo wa kitoto, imeingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Humo atajifunza kusoma miguu na mikono, ndilo jicho la lainbeka lenyewe, bila kichwa kuingia gharama. Akifika sekondari ya juu na bado anaitaka ya kugongana, mkae naye tena. Najua atanuna. Mwache anune.

Mkiamua acheze sasa hivi, hilo ni lenu, mimi sitawasusia. Ila nenda mwenyewe kwa kocha, usitume ujumbe, umuulize kwa wiki wanafanya mazoezi mangapi ya kugongana kwelikweli. Hata NFL yenyewe, tangu makubaliano yake na wachezaji ya 2011, imeweka kikomo cha mazoezi 14 ya namna hiyo kwa msimu mzima wa mechi. Kama watoto wa huko kwenu Columbus wanagongana kuliko watu wazima wanaolipwa, umeshapata jibu. Muulize pia nani anamtoa mtoto aliyegongwa kichwa, na nani anaamua arudi. Sheria ya jimbo lenu la Ohio inasema akionyesha dalili anatolewa, harudi siku ileile, na harudi tena bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Akianza kukwambia huyu mtoto ni shupavu, hapendi kutoka, mchukue Salim na begi lake muondoke.

Na Salim mwenyewe mwambie akisikia wenge aseme. Mwambie mbele ya baba yake, baba yake akiwa anaitikia kwa kichwa. Asipoitikia, nipigie simu unipe niongee naye, mkwe na mkwe.

Nisalimie watoto wote. Mama yako anangoja habari ya iliki.

Baba yako