Mumeo karudi hai, nawe unamhukumu?

Msomaji wa Wete, Pemba, ameniandikia barua ndefu. Mumewe ni mwanajeshi, alipelekwa Kongo pamoja na rafiki yake waliyesoma naye chuo cha Kurani tangu utotoni. Rafiki aliuawa, yeye akarudi, na mpaka leo hasemi kilichotokea. Kila mwezi humtumia mjane wa rafikiye shilingi elfu hamsini. Mke amezigundua kwenye simu. Siku ya Idi watoto waliporipua fataki, mume aliacha sahani ya pilau, akajifungia chooni mpaka pilau likapoa. Mke anauliza: "Bi Shangazi, asiye na hatia anaficha nini? Mimi naona alimkimbia mwenzake."

Pole, mwanangu. Kuishi na mtu aliyenyamaza ni kazi. Lakini kuna neno umelipitia mbio: "hata majirani wanaona hivyo." Majirani wamejuaje? Mumeo hakuwaambia. Umewaambia wewe, barazani, huku mkichambua karafuu.

Wala si Kongo iliyokuuma. Ingekuwa vita ndivyo vinavyokukosesha usingizi, ungeuliza alipotia mguu nyumbani. Umeanza kuuliza ulipoziona zile elfu hamsini. Wivu kwa mke si ajabu, ila kumzushia mumeo uoga kwa sababu ya wivu ni dhulma.

Nani kakuweka kadhi wa vita? Tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya walinda amani wetu pale Semuliki, Beni, huko Kongo, ilivamiwa, vijana wakapigana usiku saa baada ya saa. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulituma wachunguzi, na walichokikuta ni upungufu wa mipango, uongozi, mafunzo na ndege. Hapakuwa na mpango wa kufaa wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa pale. Mumeo hukuniambia alikuwa kambi gani. Lakini tazama: watu wa kazi hiyo walifunga safari na kuhoji ndipo wakasema. Wewe umemaliza kesi kwa kikapu kimoja cha karafuu.

Jeshi lina mahakama yake, na kumkimbia adui ni kosa kubwa huko. Mumeo bado anavaa gwanda. Wakubwa wake hawakumshitaki.

Simsafishi kwa nisichokiona. Pengine alirudi nyuma. Pengine alimbeba mwenzake mgongoni mpaka akakata roho. Sikuwepo, nawe hukuwepo. Mtu yumo gizani, risasi zinapita kichwani, hajui nani kaanguka, anaamua papo hapo. Sisi tumekaa juu ya jamvi, chai mkononi, tunampima uanaume.

Zile fataki umeniandikia kama ushahidi wa uoga. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Mimi hapo nimemwona mtu anayemlilia rafiki yake chooni kwa kuwa nyumbani kwake hana wa kulia naye.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Simu ya mume inakaguliwa kama mzigo bandarini, na kinachopatikana kinafika kwa marafiki wa mke kabla mwenyewe hajaulizwa. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya. Yote matatu umeyatenda.

Kosa la mumeo lipo: angekwambia habari ya pesa, maana mwanamume kushughulika na mjane kimyakimya huwapa watu la kusema, na anayeumia zaidi ni yule mjane. Lakini mwenyewe umeandika kuwa hapo nyumbani hampungukiwi kitu. Basi mwambie umeziona, na kwamba mwezi ujao mtazipeleka pamoja. Usimuulize ilikuwaje. Rafikiye alipenda kula nini, alikuwa na vichekesho gani, hayo muulize. Akinyamaza, kaa naye. Usiku wa kukesha ukizidi, mhimize awaone madaktari wa jeshi; hakuna aibu. Na Idi ijayo, fataki zikianza, mfuate huko alikojifungia.

Kwanza lakini, kabla Ijumaa haijafika, rudi barazani kwa wale uliowaambia, uwaambie kwamba ulisema usilolijua.