Kijana wa miaka 23 kwa mzee wa 36: Houston walipata au walipatikana?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Nakuandikia kutoka Lamu. Sisi huku mechi za NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, twazitazama kwa simu saa tisa, saa tisa na nusu za usiku, alafu tukishaswali alfajiri twakaa pale Mkunguni mbele ya ngome na kahawa yetu, ndo mjadala waanza. Tangu Houston Rockets wamchukue Kevin Durant kutoka Phoenix Suns mwaka 2025 hatujapatana. Shemeji yangu ashikilia kwamba huwezi kutoa kijana wa miaka 23 kama Jalen Green ukachukua fowadi wa miaka 36 aliyewahi kukatika kano ya kisigino. Mi nasema timu ile ilikosa mtu mmoja tu wa kufunga dakika za mwisho. Ami yangu ndo mwamuzi wetu wa siku zote na safari hii kaegemea kwa shemeji. Tuamulie.
Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na salamu kwa ami na shemeji. Mi niko upande wako, ila sababu uliyoitoa haitoshi kumshinda mtu kwenye baraza.

Sababu yenyewe ni bei. Angalieni Houston walitoa nini: Green, Dillon Brooks, chaguo la 10 la drafti ya 2025, yaani zamu ya timu kujichagulia vijana wapya, na machaguo matano ya raundi ya pili, ambayo thamani yake ni ndogo. Bas. Vijana wao wa kutegemewa, Alperen Sengun alibaki, Amen Thompson alibaki, Jabari Smith Jr. alibaki, na machaguo yao ya raundi ya kwanza ya miaka inayokuja hawakuyagusa. Sasa mrudishe shemeji nyuma kidogo, Februari 2023, Durant huyuhuyu anatoka Brooklyn kwenda Phoenix. Phoenix walimtoa Mikal Bridges, wakamtoa Cam Johnson, wakamtoa Jae Crowder, alafu juu yake wakaweka machaguo manne ya raundi ya kwanza bila kinga yoyote, yaani hata timu ikishika mkia chaguo linaenda tu, na mwaka mwingine wakakubali kubadilishana chaguo, yaani Brooklyn wachukue lililo bora kati ya lao na la Phoenix. Walibakiwa na nini? Mastaa wachache wenye mishahara mizito na benchi tupu. Mwaka 2024 Minnesota wakawafagia 4-0 raundi ya kwanza, na msimu wa 2024-25 wakashinda mechi 36 wakapoteza 46, pleiofu, ile michuano ya mtoano, hata hawakuingia, na Durant mwenyewe msimu huohuo alikuwa anafunga wastani wa pointi 26.6! Mtu hakuchoka jamani, nyumba ndo ilikuwa haina nguzo. Kwa hivo ami akisema "mzee" mwambieni mzee ni yuleyule, kilichobadilika ni kile kilichobaki uwanjani baada ya kumlipia.

Na ubaya wa kulipa sana hauonekani mwaka ule ule, unakuja kukudai baadaye. Brooklyn walishapitia haya 2013, walipomchukua Kevin Garnett akiwa na miaka 37 na Paul Pierce akiwa na 35 kutoka Boston. Walitoa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na 2017 wakawapa Boston haki ya kubadilishana nao. Wakafika raundi ya pili, Miami wakawatoa 4-1, Pierce akaondoka baada ya msimu mmoja, hadithi ikaishia hapo. Boston kwa yale machaguo wakampata Jaylen Brown 2016 na Jayson Tatum 2017, na hao wawili ndo waliobeba ubingwa wa 2024. Miaka kumi na moja baadaye! Mi hii habari kila nikiikumbuka inaniuma kwa niaba ya mashabiki wa Brooklyn, walikaa miaka wakitazama timu yao inafungwa na faida inaenda kwa jirani.

Kwa hiyo ungeniambia Houston walimtoa Amen Thompson, mi ningekaa na shemeji wako na kahawa ningemnunulia mimi. Hawakumtoa.

Hiyo hoja yako ya mtu wa mwisho ina ukweli pia, usiiache. Msimu wa 2024-25, kabla Durant hajafika, Houston walishinda mechi 52, wakawa wa pili kanda ya Magharibi, alafu Golden State wakawatoa raundi ya kwanza kwenye mechi ya saba, palepale Houston, 103-89. Pointi 89 tu nyumbani kwako mechi ya kufa na kupona, na Green aliyekuwa amefunga 38 mechi ya pili akamaliza na 8. Wanakaba vizuri wale vijana, wanagombea ribaundi vizuri, lakini shambulizi likikwama hakukuwa na mtu wa kumpa mpira akajua la kufanya.

Shemeji naye nimtendee haki. Ile kano ilikatika kweli, fainali za 2019, na Durant akakosa msimu mzima uliofuata. Kuna na jingine ambalo hamkulitaja kwenye barua. Lile chaguo la 10 waliloliachia ndo lililompeleka Khaman Maluach Phoenix, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda na kujifunza kikapu hukohuko, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa bado na miaka 17. Kijana wa kwetu Afrika Mashariki, ningependa sana kumuona kando ya Sengun. Hapo shemeji ana pointi na mi sina la kumjibu.

Ila nikipewa karatasi leo, nasaini.

SWALI: Kaka, timu yetu ya kikapu ya mtaa hapa Malindi inataka kumleta fowadi wa miaka 38 kutoka Mombasa. Vijana wananung'unika watakosa dakika. Mi ndo nahodha, nifanyeje?
Nahodha, Malindi

JIBU: Mleteni, lakini kwa masharti. Al Horford alirudi Boston 2021 akiwa na miaka 35, na walipochukua ubingwa 2024 alikuwa ameshatimiza 38. Hakurudi kuwa mfalme, alirudi kukaba, kutoa pasi na kupiga pointi tatu akiachwa wazi, na zikifika mechi za siku mbili mfululizo mara nyingi alipumzishwa. Na huyu wenu mwambieni mapema, mbele ya wote, kwamba mechi ataanza kijana na yeye ataingia pale mambo yakiwa magumu, alafu mazoezini akabane na kijana wa nafasi yake huyohuyo kila siku, amuonyeshe miguu inawekwa wapi. Akikubali hivo vijana wenyewe watamtafuta. Lakini Mombasa mpaka kwenu ni kilomita 120 hivi, kwa hiyo kabla ya yote muulizeni nauli nani atalipa na mazoezini atafika mara ngapi kwa wiki. Kama jibu ni "nitakuja siku ya mechi", msimlete.