Barua kwa mwanangu: ndizi ya kocha na misuli inayokakamaa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini ndizi anayokupa kocha kabla na baada ya mazoezi inakuacha na mapaja yaliyokakamaa ilhali wenzako wanaila salama, na kama utapata nguvu za kukimbia kilomita 10 bila hiyo. Utazipata. Nguvu za mkimbiaji hutoka kwenye wanga, si kwenye madini ya potasiamu. Ndizi ina vyote viwili, na kwako wewe hiyo potasiamu ndiyo yenye kuleta taabu.

Kipimo cha jeni kilionyesha kuwa una miotonia (misuli kukawia kulegea) inayochochewa na potasiamu, ile ya jeni ya SCN4A, inayounda vijilango vya kupitisha sodiamu. Vijilango hivyo kwenye misuli yako havifungi sawasawa, hivyo potasiamu ikizidi katika damu msuli hujikaza wenyewe na kuchelewa kulegea. Usifuate orodha ya vyakula ya mwenye miotonia ya Thomsen, ambayo ni aina nyingine. Yeye kasoro yake iko kwenye vijilango vya kloraidi: hukakamaa anapoanza mwendo, kisha hulegea kadiri anavyourudia, na kwa kawaida ndizi haimsumbui. Wapo pia wanaopooza kwa vipindi potasiamu yao inaposhuka; hao sahani kubwa ya wanga yaweza kuwaangusha, na potasiamu ndiyo dawa yao. Ukiiga mlo wao utaumia, nao wakiiga wako wataumia.

Wanga unakufaa mara mbili. Unajaza akiba ya nguvu katika misuli, na insulini inayotoka baada ya kula husukuma potasiamu kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Ndiyo maana kukimbia na njaa ni kosa kubwa kwako kuliko kwa mwenzako.

Sasa hesabu. Ndizi moja ya wastani ina wanga gramu 27 hivi na potasiamu miligramu 420. Kikombe cha wali mweupe kina wanga gramu 45 na potasiamu miligramu 55 tu. Tambi nyeupe zinakaribiana na wali. Vipande viwili vya mkate mweupe na kijiko kikubwa cha asali vinakupa wanga gramu 40 na zaidi kidogo, na potasiamu isiyofika miligramu 100. Kiazi cha wastani kilichookwa na ganda lake kinazidi miligramu 900. Kwa watu wengi nafaka isiyokobolewa ni bora, nami nisingeikosoa, lakini pumba ndiyo inayobeba potasiamu, kwa hiyo siku ya mazoezi makali chagua nyeupe.

Una kilo 60. Saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, kula wanga gramu 90 hadi 120: vikombe viwili vya wali na yai moja, na ukihisi njaa ongeza kipande cha mkate. Usijaze mafuta mengi, yatakaa tumboni. Mbio zikizidi saa moja, beba kinywaji chako mwenyewe: lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, na robo kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida. Hiyo ni kama gramu 60 za wanga. Kunywa nusu lita hadi lita nzima kwa saa, kidogo kidogo. Ukizidisha sukari, maji hukawia tumboni na tumbo husokota. Kisiwe cha barafu kama baridi hukukaza ulimi au koo.

Baada ya mbio ndipo wengi wenye hali yako wanapokosea. Msuli uliofanya kazi kali humwaga potasiamu kwenye damu, na kukakamaa kwako huja ukiwa umeshapumzika. Ukiongeza hapohapo ndizi, maji ya dafu, juisi ya machungwa au bilauri kubwa ya maziwa, unachochea moto. Usisimame ghafla, tembea dakika 10 hadi 15. Kisha kula wanga gramu 60 na protini gramu 15 hadi 20, mfano kikombe kimoja cha wali, kipande cha mkate na mayai mawili. Tunda unalolitamani? Tufaha moja, au kikombe cha nanasi; kila kimoja kina potasiamu chini ya miligramu 200.

Jihadhari na chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi nyepesi. Hiyo huwa na kloridi ya potasiamu, na robo kijiko cha chai tu yaweza kuwa na mamia ya miligramu za potasiamu. Soma pia karatasi ya kila unga wa wanamichezo kabla ya kuuchanganya.

Hata hivyo, usiifute potasiamu kabisa, moyo unaihitaji. Maharage, mboga za majani na viazi, kula siku ya mapumziko, kwa sahani ndogo zilizogawanywa kutwa. Viazi vimenye, vikate vidogo, vichemshe kwa maji mengi na uyamwage; sehemu kubwa ya potasiamu huondoka nayo.

Andika ulichokula, saa, na ugumu ulioupata. Kipimo rahisi: kunja ngumi kwa nguvu sekunde 10, ifungue, hesabu sekunde hadi vidole vinyooke. Badili chakula kimoja tu kwa wiki, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kamwe usijipime nyumbani kwa kula potasiamu nyingi makusudi. Kipimo hicho hufanyika hospitalini, moyo ukiangaliwa.

Kama daktari amekuandikia meksiletini, dawa ya kupunguza kukakamaa, imeze pamoja na chakula kwa sababu huchafua tumbo, na uachane na vinywaji vya kuongeza nguvu: dawa hiyo huchelewesha mwili kuondoa kafeini. Ukiwa kwenye asetazolamaidi, dawa nyingine ya hali hii, kunywa maji ya kutosha, kwani huweza kuleta mawe ya figo, na potasiamu yako ipimwe kwa damu kabla hujapunguza chakula zaidi. Ukipata udhaifu wa kweli badala ya ugumu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, shida ya kupumua au mkojo wa rangi ya kahawia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mpe kocha nakala ya sehemu ya barua hii yenye vipimo vya chakula ili aache kukukabidhi ndizi mwisho wa mbio.

Akupendaye,
Mama